Msanii kakata mauno laivu na watoto wameona: maswali yenu nimeyasoma

Jamani maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka ishu ileile, msanii wa pop kapanda stejini kwenye tuzo au shoo kubwa, kavaa kidogo kacheza kikubwa, kesho yake kila mtu kawaka, hawa wanataka afungiwe, wale wanasema wazazi ndio wa kulaumiwa, na katikati yao kuna mtoto ambaye hakuna hata mmoja aliyemuuliza kitu. Nimechukua machache, yanayofanana nimeyaunganisha. Yale ya matusi nimeyaacha, mnajijua.

Swali: Anti shikamoo. Juzi nimekaa sebuleni na wanangu watatu, wa miaka 5, 9 na 14, tunaangalia tuzo za muziki, mara akapanda dada mmoja na wachezaji wake, nguo sijui hata niziite nguo, na zile staili za kuinama inama. Nikaruka kutafuta rimoti sikuiona, nikaishia kusimama mbele ya TV kama golikipa napiga kelele "fumbeni macho!" Wote wakacheka. Nilitakiwa nifanyeje? (Mama wa watatu)

Jibu: Marahaba mama. Pole, ila nikwambie ukweli, shoo watakayoikumbuka wanao kutoka usiku ule ni yako, ya yule dada walishaisahau. Hebu tuangalie mmoja mmoja. Yule wa miaka 5 hakuona ulichokiona wewe, yeye ameona taa, moshi na watu wanaruka, basi, maana zile staili zina maana kwa mtu ambaye tayari anajua zinaashiria nini. Wa miaka 9 pengine naye hakuelewa vizuri, lakini amekuona wewe umechanganyikiwa, kwa hiyo sasa anajua kwamba pale kuna kitu, na atakitafuta. Wa miaka 14 alishaiona klipu ya mazoezi wiki iliyopita na alikuwa anakuangalia wewe utafanya nini.

Watu wanaochunguza mambo ya watoto na TV huwa wanatofautisha njia tatu za mzazi: kukataza, kukaa na mtoto mkaangalia bila kusema kitu, na kuangalia huku mnaongea. Ile ya katikati wengi tunadhani ni salama kwa sababu "si nilikuwepo", kumbe mtoto anaweza kuuchukua ukimya wako kama umekubali, mama kanyamaza basi hakuna shida. Kwa hiyo siku nyingine badilisha chaneli kama inabadilika, bila kelele, kama haibadiliki kaa hapohapo useme kitu kifupi kwa sauti ya kawaida, mfano "hii wameitengeneza kwa watu wazima, mimi siipendi kwa sababu hii na hii". Alafu baadaye, mkiwa mnafanya kitu kingine, umuulize yule wa 9 aliona nini. Usimuulize kipolisi. Unauliza alafu unanyamaza unasikiliza, na hapo kwenye kunyamaza ndo wazazi wengi tunafeli, tunauliza swali tunajijibu wenyewe kwa lekcha ya dakika ishirini.

Na yule wa 14 muulize maoni yake. Utashangaa, anaweza kuwa mkali kuliko wewe.

Swali: Tuseme ukweli, enzi zetu wasanii walikuwa na heshima. Haya mambo ya kutikisa mwili ndio ufanye hela yameletwa na hiki kizazi cha intaneti, na wazazi wa siku hizi wameachia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. (Mzee wa rekodi za zamani)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Methali naikubali, historia hapana. Juni 1956 kijana mmoja anaitwa Elvis Presley alipanda kwenye kipindi cha Milton Berle huko Marekani, akaliacha gita pembeni akaimba huku anazungusha nyonga, kesho yake magazeti yakamshukia, watu wa dini wakamshukia, wazazi wakawaka kwamba anaharibu mabinti. Maneno karibu yaleyale unayoyasoma leo, tofauti ni kwamba yule alikuwa na shati na koti.

Mwezi Agosti mwaka huohuo akiwa Jacksonville, Florida, jaji akamwonya kabisa kwamba akileta zile nyonga atakamatwa. Unajua alifanya nini? Alisimama akawa anatikisa kidole chake kidogo tu. Kidole! Na wasichana wakapiga kelele vilevile.

Sasa huyu Ed Sullivan, aliyekuwa na kipindi kikubwa cha familia Jumapili usiku, alikuwa ameshasema Elvis kwake hapiti. Mpinzani wake akamleta Elvis, kipindi cha mpinzani kikamshinda watazamaji, basi Sullivan msimamo ukalainika ghafla, akalipa dola 50,000 kwa shoo tatu. Ile ya kwanza Septemba 9, 1956 iliangaliwa na watu kama milioni 60. Ya tatu, Januari 1957, wakaagiza kamera zimwonyeshe kuanzia kiunoni kwenda juu, yaani nchi nzima ikawa inawaza hicho kilichofichwa. Mwisho wa shoo Sullivan mwenyewe akamsifia hadharani kuwa ni kijana mstaarabu.

Kwa hiyo mzee, wale waliokuwa wanapiga makelele 1956 ndio bibi na babu waliokuja kuwalalamikia wajukuu zao. Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika, kimebadilika, na nitakieleza huko chini kwenye swali la simu. Ila kizazi chenye heshima hicho unachokikumbuka ni kile kilichokuwa kinatukanwa na kizazi kilichokitangulia.

Swali: Binti yangu alikua na msanii fulani wa vipindi vya watoto, begi lake, daftari, kila kitu sura yake. Sasa huyo msanii amekua na anafanya mambo ya aibu stejini. Hivi hana wajibu kwa watoto waliomfanya awe tajiri? (Mama aliyenunua mpaka shuka)

Jibu: Hadithi yako ni ya Miley Cyrus hata kama msanii wako ni mwingine. Huyu binti alianza kuonekana kwenye Hannah Montana, kipindi cha TV cha watoto cha Disney, mwaka 2006 mpaka 2011, baba yake mzazi Billy Ray Cyrus akicheza kama baba yake humohumo ndani, watoto dunia nzima wakamfuata. Alafu Agosti 25, 2013, kwenye tuzo za video za MTV pale Brooklyn, akiwa na miaka 20, akapanda kaanza na midoli mikubwa ya dubu, akamaliza kabaki na nguo ya rangi ya ngozi anajisugua kwa mwimbaji Robin Thicke. Twitter wakasema kulikuwa na tweet zaidi ya 300,000 kwa dakika moja. Kila mzazi mwenye binti akaandika kitu.

Alikuwa na wajibu? Mi naona wajibu wa namna hiyo tunauweka kwa mtu asiyeweza kuubeba. Alisaini kazi akiwa mtoto, wakubwa wakaandika mkataba, wakubwa wakaweka sura yake kwenye mashuka, wewe ukanunua mashuka. Hakuna mahali kwenye huo mnyororo alipoahidi kwamba atabaki na miaka 14. Lakini pia sikubali ile ya "ni msanii, ana uhuru wake, funga mdomo". Kampuni iliyotengeneza hela kwa watoto wa miaka 7 inajua fika kwamba wale watoto wanaendelea kumfuata yuleyule mtu popote atakapokwenda, jina lile ndo mtaji, na hiyo ndo inayofanya "kubadilika" kwake kuwe na soko. MTV wenyewe waliipa ile shoo daraja la kufaa kuanzia miaka 14, na hapo kwenye daraja ndo Parents Television Council, lile shirika la kufuatilia TV kwa niaba ya wazazi kule Marekani, walipoanzia kulalamika. Ukisoma vizuri malalamiko yao yalikuwa na pointi kuliko yale ya mtandaoni, maana wao walimwuliza aliyerusha matangazo na aliyeweka daraja, hawakuishia kwa Miley mwenye ulimi nje.

Sinéad O'Connor, yule mwimbaji wa Ireland, Mungu amrehemu, mwezi wa kumi mwaka huo alimwandikia barua ya wazi kumwonya kwamba biashara ya muziki inamtumia mwili na haitamjali. Ikaishia kuwa ugomvi wa mtandaoni wenye maneno mabaya. Mimi naona alikuwa na haki kwa sehemu kubwa ila barua ya wazi ni njia mbaya ya kumwambia mtu kitu unachotaka akisikie. Hii iwahusu na wazazi wanaowaandikia watoto wao ujumbe kwenye status.

Binti yako sasa: usimwambie "unaona yule malaya wako". Amempenda miaka mingi, ukimtukana yule umemtukana na yeye, na ataacha kukuambia anachokiangalia. Mwambie hata wewe umeshangaa, muulize anadhani kwa nini ameamua vile, nani anapata hela. Watoto wa miaka 12, 13 wanapenda sana swali la nani anapata hela, wanakuwa wapelelezi.

Swali: Nilituma malalamiko kwenye mamlaka ya utangazaji, nikasaini na waraka wa kupinga, nikashea kila grupu. Inasaidia au najichosha? (Mwanaharakati wa sebuleni)

Jibu: Inategemea unalalamikia nini na uliona wapi. Kaa nikusimulie mbili.

Februari 1, 2004, mapumziko ya Super Bowl, ile fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani, pale Houston, mwimbaji Justin Timberlake akavuta nguo ya mwimbaji mwenzake Janet Jackson na titi likaonekana. Mahakama baadaye iliandika kwamba ilikuwa sehemu ya sekunde moja, tisa kwa kumi na sita, yaani ukipepesa macho hukuona. Malalamiko yaliyofika FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, yalipita 500,000. CBS, kampuni ya TV iliyorusha matangazo, wakapigwa faini ya dola 550,000, hiyo ni 27,500 kwa kila kituo chao kati ya 20. Kesi ikazungushwa mahakamani miaka na miaka na ilipofika 2012 faini ikawa imekufa kabisa, mahakama ikisema mamlaka ilibadilisha msimamo wake bila kuwatangazia watu kwanza. Hayo upande wa sheria. Upande mwingine, watu waliokosa kuona wakawa wanaitafuta klipu kila kona, na Jawed Karim, mmoja wa waliouanzisha YouTube, alikuja kusema kwamba ugumu wa kuipata klipu ile ni mojawapo ya vitu vilivyompa wazo. Nasoma hiyo kila mara nacheka peke yangu. Hasira ya kutaka kuwalinda watoto wasione imechangia kuzaliwa kwa mahali ambapo mtoto anaweza kuona chochote saa yoyote.

Ya pili ni Uingereza, fainali ya shindano la kuimba la The X Factor, Desemba 2010, Rihanna na Christina Aguilera waliimba kabla ya saa 3 usiku, na kule saa 3 ndo mpaka, kabla ya hapo inachukuliwa watoto bado wako macho. Malalamiko 2,868 yakafika Ofcom, mamlaka ya utangazaji ya kule. Ofcom wakachunguza wakakuta takribani 2,000 kati ya hayo yalikuja baada ya gazeti moja kuandika habari hiyo na kuweka picha, na zile picha za gazetini zilikuwa wazi kuliko kilichorushwa kwenye TV. Umeelewa hapo? Watu walilalamikia kitu walichokiona kwenye gazeti lililokuwa linalalamika. Mwisho wa siku Ofcom wakasema hakuna kanuni iliyovunjwa ingawa shoo ya Aguilera ilikuwa ukingoni kabisa mwa kinachokubalika muda ule.

Kwa hiyo lalamika, ndiyo, lakini lalamikia saa na daraja. Kwamba kipindi cha familia kimerushwa saa ya watoto bila onyo, hilo mamlaka ina meno nalo. Kwamba msanii hana adabu, hakuna mtu pale ofisini wa kukusaidia. Na angalia kama wanahusika, maana Marekani ile sheria ya kukataza uchafu kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku inahusu redio na TV za masafa ya wazi, haigusi chaneli za kulipia za kebo, ndiyo maana ile ya Miley kwenye MTV kelele zote zile zisingeweza kuishia kwenye faini ya uchafu. Na alafu, dada yangu au kaka yangu, ukishea klipu kwenye magrupu matano na maandishi "hebu oneni uchafu huu", wewe ndo umekuwa kituo cha TV. Lalamika bila kuambatanisha video, au huwezi?

Swali: Mbona wanaosemwa ni wanawake tu? (Binti wa chuo)

Jibu: Kwa sababu ndivyo ilivyo, sina jibu tamu. Timberlake wiki moja baada ya Houston alikuwa kwenye Grammy anachukua tuzo mbili, Janet hakuonekana pale. Timberlake akarudishwa Super Bowl 2018, na alikuja kumwomba Janet radhi hadharani 2021, miaka kumi na saba imepita. Thicke 2013 alikuwa na miaka 36, ana mke na mtoto, lakini ukiuliza watu leo wanakumbuka nini watakwambia Miley. Na kuna ile picha ya familia ya Will Smith wamekodoa macho kwa mshtuko, ikasambaa kwamba wanamwangalia Miley, kumbe walikuwa wanamwangalia Lady Gaga muda mwingine kabisa. Kila mtu aliitaka sana ile picha iwe ya Miley.

Na naongeza langu: kwenye maswali yote niliyopata, wenye mabinti wanauliza atavaaje, ataigaje. Wenye wavulana hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mvulana naye alikuwa sebuleni. Yeye amejifunza nini pale kuhusu mwanamke kuwa kiti cha kukalia au ukuta wa kujisugulia? Nisubiri swali hilo lije.

Swali: Mwanangu ana miaka 6, anaigiza staili za huyo msanii kila wageni wakija, anashusha mpaka chini kabisa, watu wanacheka hoi wanamrekodi. Mume wangu anasema ni utoto tu, shemeji ndio anaposti. Mimi moyo unaniuma ila nikisema naonekana nimezeeka. (Moyo unauma)

Jibu: Umenigusa, na hapa nitakuwa mkali kidogo sio kwako.

Mtoto kuiga sio kosa. Watoto wanaiga kila kitu, anaiga mwalimu, anaiga bibi anavyokohoa. Hiyo staili kwake ni mazoezi ya viungo. Tatizo ni mduara wa watu wazima wenye simu mkononi. Yule mtoto haoni ngono, anaona kwamba kila akifanya hivi anapendwa, anapigiwa makofi, anaitwa arudie mbele ya mgeni mwingine, na kwamba akiimba wimbo wa shule hakuna anayetoa simu. Hilo ni somo kamili na mwalimu wake ni sisi. Msanii hata hayupo chumbani.

Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilitoa ripoti 2007 kuhusu kuwafanya wasichana waonekane kama vitu vya mapenzi, wakahusisha hali hiyo na matatizo matatu yanayowapata sana wasichana: kula kwa shida, kujidharau na msongo unaofika kuwa sonona. Kitu ambacho watu hawakisemi kuhusu ripoti ile ni kwamba haikuishia kwenye TV na muziki na matangazo, iligusa na wazazi, walimu na wenzao, maana ujumbe huo unatoka kwa watu wa karibu pia. Shemeji mwenye simu yumo humo.

Fanya hivi. Kwa mtoto usifanye kesi, usimpige, usimwambie ni mbaya au mchafu, maana hatajua ni nini hasa kibaya na ataanza kuuonea aibu mwili wake mwenyewe. Mwambie hiyo ya leo tunaiacha, nionyeshe nyingine, na akikuonyesha nyingine shangilia mpaka jirani asikie. Kwa shemeji, hapo ndo nguvu yako yote ipeleke. "Shem, futa." Neno moja. Akisema ni utani mwambie video ikishaenda haijui kama ni utani, haijui anayeiangalia ni nani na kwa nini anairudia. Mumeo ndiye amwambie ndugu yake, na kabla ya hapo wewe ukae na mumeo muongee wawili, sio mbele ya wageni. Akigoma kabisa kwamba ni utoto tu, mwulize kama angependa video ileile aione kwenye simu ya mwanaume asiyemfahamu. Wengi hapo huwa wananyamaza.

Na kuzeeka acha uonekane umezeeka, kuna ubaya gani.

Swali: Programu gani nzuri ya kufunga kila kitu kibaya kwenye simu ya mtoto? (Baba bize)

Jibu: Hakuna inayofunga kila kitu, na hilo neno bize ndo limenifanya nijibu.

Marekani miaka ya themanini Tipper Gore, mke wa Al Gore aliyekuwa seneta, alimnunulia binti yake wa miaka 11 albamu ya Prince, wakaisikiliza, wimbo mmoja ukamstua. Akaungana na wake wengine wa wakubwa wa Washington wakaanzisha PMRC, kikundi cha wazazi cha kufuatilia muziki, ikafika mpaka kikao cha Seneti Septemba 1985, wanamuziki Frank Zappa, John Denver na Dee Snider wakaja kupinga, na mwisho kampuni za rekodi zikakubali kuweka ile stika ya kuwaonya wazazi. Vijana wengi stika wakaiona ndo alama ya kwamba hapa kuna utamu. Baadaye wakaja na kifaa cha kuzuia vipindi kwenye TV, kuanzia 2000 kila TV ya inchi 13 na zaidi iliyouzwa kule ilitakiwa iwe nacho, na wazazi wengi hawakuwahi hata kukiwasha. Sasa mimi simcheki Tipper, wengi wanamcheka. Nachokiona kwenye stori yake ni kwamba alijua kilichomo kwa sababu alikuwa anasikiliza na mtoto. Stika ilikuja baadaye.

Weka mipaka, ndiyo: YouTube Kids kwa wadogo, ile hali ya kuzuia maudhui kwa wakubwa kidogo, Spotify ina sehemu ya kuzima nyimbo zenye maneno makali, na mitandao mingi yenyewe inasema chini ya miaka 13 hapana, kwa hiyo mtoto wa miaka 9 mwenye akaunti ameingia kwa umri wa uongo na mara nyingi mzazi ndiye aliyemjazia. Hapa ndo nilipomwahidi yule mzee. Zamani shoo ilikuwa inakuja usiku mmoja, nyote mkaiona pamoja, ikaisha. Leo shoo nzima ya dakika nne inakatwa sekunde kumi, zile kumi zenyewe, mtoto anaziona peke yake, chini ya blanketi, mara thelathini, na simu ikishaona amesimama hapo inamletea zinazofanana na hizo. Hiyo ndo tofauti ya kweli na haihusu msanii kavaa nini. Kwa hiyo simu ilale sebuleni usiku, yako pia, na ubize upunguze nusu saa. Uniambie baada ya mwezi.

Swali: Mimi ni baba, binti yangu ana miaka 14. Haya mambo si aongee na mama yake? (Baba mwenye aibu)

Jibu: Aongee na mama yake, na aongee na wewe. Wewe ndo mwanaume wa kwanza ambaye maoni yake kuhusu wanawake wa stejini anayasikia kila siku, hata ukidhani hasikii. Ukiwa unaangalia unasema "huyu naye hajipendi" alafu macho hayatoki kwenye kioo, ameshaona vyote viwili. Anza na kitu chepesi, muulize wimbo anaoupenda mwezi huu, usikilize wote, usikosoe sekunde ya kumi. Aibu itapungua mkiwa njiani mnaenda mahali, wote mnaangalia mbele.

Swali: Anti mi mwenyewe hizo nyimbo nazipenda na nikiwa napiga deki nakata mauno kuliko msanii. Sasa nitamwambia nini mwanangu, si nitakuwa mnafiki? (Mama wa deki)

Jibu: Hahaha karibu chamani. Unafiki ungekuwa kumwambia kwamba hujui huo wimbo. Kuna vitu vingi wakubwa wanafanya na watoto wanajua wanasubiri umri wao, kuendesha gari, kulala saa wanayotaka, na hili liko humohumo, hauhitaji kujifanya mtakatifu. Mwambie navutiwa na mdundo, maneno yale ni ya wakubwa, na hii sehemu ya wimbo mimi mwenyewe inaniboa, kama kweli inakuboa. Piga deki yako. Ila akija kukuuliza lile neno la kwenye kibwagizo lina maana gani usimwambie "nenda kacheze", zima redio umjibu kwa kadiri ya umri wake, maana swali hilo asipojibiwa jikoni kwenu ataenda nalo kwingine na huko watamjibu kwa mifano.